Sauti ya Kuzuia Mishale

Wa kwanza kuanguka kutoka mgongoni mwa farasi akiwa na upinde alikuwa gunia la madeya. Madeya ni pumba za mahindi ambazo Wamalawi huwapa kuku na nguruwe. Nilizishindilia guniani mpaka likakaribia uzito wa mdogo wangu, nikalivalisha koti, nikalifunga juu ya tandiko kwa fundo jepesi, kisha nikaufunga upinde mkuukuu mahali ambapo mkono ungekuwa. Mjomba alimwongoza farasi polepole, nami nikalivuta fundo. Gunia likaenda ubavu. Upinde ulifika chini kwanza, gunia likatua juu yake, tukasikia mti ukikatika. Tulipoligeuza, kipande cha upinde kilikuwa kimezama ndani ya koti upande wa ini, na pumba zilikuwa zinamwagika taratibu vumbini.

"Umeona?" nilimwuliza mdogo wangu.

"Nimeona gunia," akasema. "Mi si gunia, Yaya." Yaya, kwetu, ni mkubwa wako wa kuzaliwa.

"Kuanzia leo, ukihisi unateleza, upinde unautupa mbali, upande usioangukia. Unautupa kabla hujashika kitu chochote."

"Na kama sitelezi, naogopa tu?"

"Utupe vilevile."

"Mjomba atalia. Ule mupya ameuchonga juma nzima."

Mjomba alikuwa ameinama anaokota vipande. "Nitalia," akasema. "Kisha nitachonga mwingine. Upinde mi najua kuchonga. We siwezi kukuchonga."

Hapo palikuwa Kanengo, nje kidogo ya jiji la Lilongwe, nyuma ya maghala ya tumbaku, miaka ile ambayo vita vya pili vya Kongo vilikuwa bado vinawaka kwetu Uvira na Fizi. Mimi, mdogo wangu, mama na mjomba tulikuwa tunaishi Dzaleka, kambi ya wakimbizi. Nilikuwa nimemaliza fizikia chuo kikuu, Bukavu, na Dzaleka fizikia yangu ilikuwa inatengeneza redio za watu. Kila aliyeniletea redio nilimwuliza ilianguka vipi, kutoka wapi, juu ya nini. Wengine waliacha kuniletea.

Siku moja alikuja mfanyabiashara wa tumbaku kutoka Lilongwe. Alikuwa na farasi wanne, na alikuwa ameona ng'ambo mchezo wa kupiga mishale ukiwa juu ya farasi anayekimbia. Alitaka wageni wake wauone mwisho wa msimu wa mnada. Farasi anao, wapiga mishale hana, na mtu alimwambia kwamba Dzaleka kuna watu wa Fizi waliowinda kwa upinde. Mjomba akanyoosha mkono. Lakini alipoonyeshwa farasi akaurudisha mfukoni.

"Patroni," akamwambia, kama kwetu tunavyomwita tajiri mwenye kazi, "nyama mi nilikuwa naipiga. Sikuwa naipanda."

Aliyepanda ni mdogo wangu. Tulikuwa tumeanza kwenda Kanengo kuosha mabanda ya farasi wale, mimi na yeye, na kabla sijajua anafanya nini alikuwa mgongoni mwa jike jekundu, anacheka. Mjomba akamfundisha upinde, patroni akamfundisha farasi. Kisha patroni akasema kwamba kama onyesho litakwenda vizuri, atampa kazi ya kudumu pale bandani na kumtafutia karatasi za kukaa mjini. Mdogo wangu aliitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote nilichowahi kumwona akikitaka. Kambini aliulizwa kila siku anatoka wapi, alikuja na nani, nani alikufa. "Yule farasi," aliniambia, "hajawahi kuniuliza kitu."

Mama alimwita farasi punda mrefu, na hakutaka kumwona. Aliniita mimi pembeni. "Niliwatoa Uvira wote wawili," akasema. "Sikumtoa huyu ili afe juu ya punda murefu. We umesoma. Utasimama pale. Kitu ikimupata, nakuuliza we."

Kwa hiyo nilisimama pale. Patroni alikuwa na sheria nyingi za usalama, zote kichwani, naye alizitoa kama amri. Mimi sijawahi kupokea amri bila kuigeuza kuona chini yake kuna nini.

"Kwa nini hatamu isizungushwe mkononi?"

"Kwa sababu nimesema."

"Hiyo si sababu, patroni. Hiyo ni sauti."

Akapumua, akaeleza. Ukiizungusha hatamu mkononi halafu ukaanguka, farasi anaondoka na mkono wako. Hilo nililiamini bila gunia. Mengine niliyajaribu. Alisema mshale wenye ufa hupasuka vipande unapoachiliwa, vijiti vikaingia mkononi mwa mpigaji, nami nikatafuta mshale wenye ufa, nikaufunga upinde kwenye nguzo na kuvuta kwa kamba ndefu nikiwa nyuma ya ukuta. Ulipasuka. Kuanzia hapo kila asubuhi mdogo wangu na mimi tulikaa chini tukikunja kila mshale kidogo kwa vidole, tukiusikiliza karibu na sikio, na uliolia tuliuvunja kabisa ili asije mtu akauhurumia.

Kiatu pia. Kiatu kisicho na kisigino hupenya kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia, mguu ukanasa, na farasi akaburuta mtu. Mdogo wangu alikuwa na ndala. Tulikwenda Old Town, kwenye marundo ya kaunjika, nguo na viatu vya mitumba, tukachambua mpaka tukapata buti nyeusi zenye kisigino, moja imechakaa kuliko nyingine. Muuzaji alisema ni za kiume. Mdogo wangu akamjibu kwamba farasi hawezi kujua.

Farasi mwenyewe alihitaji kufundishwa. Asubuhi nyingi mjomba alitembea kando yake akiachilia kamba ya upinde bila mshale, akiuvuta kidogo tu, ting, tena ting, mpaka jike likaacha kutikisa masikio. Kisha mshale ukapita mbele ya macho yake, kwa mwendo wa kutembea, kisha wa kukimbia kidogo. Mjomba alitaka twende haraka. Mimi nilikataa. Nilimwambia kila hatua tuirudie mpaka ituchoshe, na ikishatuchosha ndipo iwe salama.

Uwanja wenyewe ulikuwa njia nyembamba iliyofungwa kamba. Shabaha, marobota ya majani makavu, zilikuwa kushoto. Watu wote wangekaa kulia. Mshale haukuruhusiwa kugusa kamba ya upinde mpaka farasi apite nguzo ya kwanza. Mdogo wangu alichukia sheria hiyo kuliko zote kwa sababu ilimnyima muda.

"Nikiweka mapema kidogo tu, Yaya, napiga zote tatu."

"Na ukianguka kabla ya nguzo?"

"Siwezi kuanguka kabla ya nguzo."

"Nani amekuahidi?"

Alininunia mpaka jioni, lakini alitii.

Sheria ya mwisho ya patroni ilikuwa filimbi. Akipuliza filimbi, kila kitu kinasimama, mpigaji anashusha upinde, watu wanabaki walipo. Niliuliza maswali juu ya kila sheria nyingine. Juu ya filimbi sikuuliza. Nani asiyejua filimbi?

Kwaya ya Dzaleka ililetwa kufanya mazoezi pamoja nasi, kwa maana patroni alitaka nyimbo kabla ya mishale. Mjomba, ambaye ni mzee wa kanisa, alikuja nao kwenye lori. Walikaa kulia, nyuma ya kamba, wanawake kwa wanaume, wakipiga makofi mdogo wangu alipoanza kukimbia. Mfanyakazi mmoja akaingia njiani kunyoosha robota lililoinama. Patroni akamwona, akapuliza filimbi kwa nguvu.

Sijui nilifikaje chini. Najua nilikuwa nimelala kifudifudi na majani mdomoni. Mjomba alikuwa kando yangu, mikono kichwani. Nusu ya kwaya walikuwa wamelala kama sisi, na nusu nyingine walikuwa wanakimbia kuelekea miti ya upande wa pili, yaani wanakatiza njia, mbele ya farasi. Kwetu, watu wenye bunduki walikuwa wanaitana kwa filimbi kabla ya kuingia nyumba kwa nyumba. Aliyesikia filimbi alilala au alikimbia. Aliyesimama kuuliza hakuwa nasi Dzaleka.

Jike jekundu liliona watu wakijitupa ardhini na wengine wakilijia, likaruka pembeni. Nilinyanyua kichwa wakati mdogo wangu anatoka kwenye tandiko. Upinde niliuona ukienda peke yake, mbali, kushoto, ukizunguka hewani. Mshale ulikuwa bado ubavuni mwake, kwenye podo, ncha chini, kwa maana hakuwa amefika kwenye nguzo ya kwanza. Alianguka kwa bega, akaviringika, akakaa.

Nilipomfikia alikuwa anatafuta pumzi. "Nimeutupa," akasema. "Umeona? Nimeutupa."

Bega lilivimba. Mfupa ulikuwa mzima. Patroni alikuwa amesimama na filimbi mkononi, anatuangalia sisi tuliokuwa tunajifuta vumbi, na hakuuliza kitu. Akaiweka mfukoni. Mpaka leo namheshimu kwa kutouliza.

Jioni hiyo Dzaleka, mama alilikanda bega kwa maji ya moto na chumvi. Alipomaliza akasema, "Imeisha."

"Mama, haiishi," mdogo wangu akasema.

"Mi sijakuuliza."

"Mama," nikasema mimi, "hakuanguka kwa sababu ya farasi. Ameanguka kwa sababu yetu. Nipe muda nitafute sauti nyingine. Nikikosa, nitamkataza mimi mwenyewe."

Mama akayamwaga nje yale maji ya chumvi. "Tafuta," akasema. "Na ukipata, mi nakuja kuisikia na masikio yangu."

Nilianza siku iliyofuata, nikizunguka kambini kama mtu anayefanya utafiti. Nilimwuliza kila mwanakwaya: ukisikia hiki, mwili wako unafanya nini? Nilisisitiza mwili, kwa sababu kichwa kinajua kwamba Lilongwe hakuna vita, lakini kichwa huchelewa. Ngoma? Mwanamke mmoja wa Fizi alisema ngoma inamfanya aende ilipo, kuona. Hatukutaka mtu aende ilipo. Kupiga makofi? Watajibu kwa makofi. Nikasema basi nipige tu kelele, "Simama!" Walicheka, lakini si kwa furaha.

"Mwalimu," mmoja akaniambia, "Simama njo neno ya barrière, ya kizuizi ya barabarani. Wakisema simama, we unatoa vitu vyako."

"Na kitambaa cheupe?"

"Cheupe ni cha kuinua wakati umeshindwa."

Kila kitu nilichokitaja, vita vilikuwa vimekitumia kabla yangu. Nilirudi kwenye mazoezi yao ya kwaya Jumatano, nimekaa nyuma, nimekasirika. Walikuwa wanapiga soga, wanagombea viti, hakuna anayemsikiliza mwenzake. Mjomba alisimama mbele, akainua mkono, akasema kwa sauti ya kawaida ya kanisani, "Haleluya!"

"Amina!" wakajibu wote.

Kisha kimya. Kila mtu alikuwa amesimama pale alipokuwa, kiti kikiwa nusu hewani, uso umeelekea mbele. Nilikuwa nimeliona jambo hilo kila Jumapili ya maisha yangu na sikuwahi kuliona. Mimi si mtu wa kanisa. Nilikwenda kwa sababu mama aliniamsha. Lakini nilinyanyuka nikasema, "Rudia, mjomba."

Alipoelewa ninachotaka, alikataa. "Jina ya Mungu si filimbi ya farasi."

"Mjomba, katika ibada moja unasema haleluya mara ngapi?"

"Nyingi."

"Zote ni za kumsifu?"

Akafikiri. Ni mtu mkweli. "Zingine ni kwa sababu batu banasinzia."

"Basi tayari unaitumia kuwazuia wasianguke kwenye viti. Mi nakuomba uitumie kumzuia mtoto wa dada yako asianguke kwenye farasi."

Kwaya ilicheka, na yeye akacheka mwisho. "We unabishana kama shetani," akasema. "Lakini atakayesema ni we. Mi sitaki kulaumiwa."

Ndivyo nilivyojikuta, mimi nisiyesali, nikifanya mazoezi ya haleluya nyuma ya maghala ya tumbaku. Nilipaswa kuisema kwa nguvu bila hofu ndani yake, kwa sababu tuliona kwamba haleluya yenye hofu inaleta hofu. Tuliwafundisha farasi pia. Kwaya ilisimama mbali ikijibu amina, kisha karibu, kisha karibu zaidi, mpaka jike jekundu likaendelea kutafuna nyasi katikati ya amina. Mdogo wangu naye alifundishwa: akisikia haleluya, mshale unaelekea ardhini, vidole vinalegea, macho yanatafuta ni nini.

Patroni hakupenda. "Ninaalika wanunuzi wa tumbaku," alisema. "Si mkutano wa injili."

"Wafanyakazi wako wote ni watu wa makanisa. Wataitika."

"Na wageni wa ng'ambo?"

"Hao utawaambia wewe, kabla hatujaanza."

Akakubali kwamba atawaambia.

Siku ya onyesho mama alikuja, na kitambaa chake kizuri kichwani, akakaa safu ya kwanza na mikono yake imefungana. Wapishi walikuwa wanageuza nyama, wanunuzi wameshika vinywaji. Nilisimama juu ya kreti karibu na nguzo ya kwanza. Nilikuwa nimekagua mkanda wa tumbo wa tandiko, mishale, buti, kofia ngumu na hatamu, kisha nikavikagua tena, mpaka mdogo wangu akaniambia niondoke kabla farasi hajaanza kuniuliza maswali na yeye.

Mbio ya kwanza ilikwenda safi. Mishale miwili ilikaa kwenye marobota, watu wakapiga kelele. Mama hakupiga makofi, lakini mikono yake ilifunguka.

Mbio ya pili, farasi akiwa amepita nguzo na mdogo wangu anavuta, niliona kitu nyuma ya robota la mwisho. Sikuwa na hakika. Kingeweza kuwa kivuli, au mfuko uliopeperushwa. Maisha yangu yote nimesubiri kuwa na hakika kabla ya kusema. Safari hii nikapaza sauti, "Haleluya!"

"Amina!"

Ilitoka kwa kwaya, jikoni, kwa madereva getini, kwa patroni mwenyewe. Uwanja wote ukasimama. Mpishi alisimama na uma wake hewani. Na kwa kuwa kila kitu kilikuwa kimesimama, kitu kimoja kilichokuwa bado kinatembea kilionekana waziwazi hata kwa mtu aliye juu ya farasi: mwanamume mwenye kofia ya majani, anachutama nyuma ya robota la mwisho, na kamera usoni, anatafuta picha nzuri ya mbele. Alikuwa amezunguka maghala. Hakujua haleluya, na hakuwa ameambiwa chochote.

Mdogo wangu alimwona. Mkono wake ukashuka, mshale ukaelekea ardhini, vidole vikalegea na ukadondoka kando ya njia. Farasi akapita mbele ya yule mtu kwa mwendo uliokuwa unapungua. Mtu yule akapiga picha, kisha akapunga mkono.

Wageni walishangilia, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Patroni akanijia upesi. "Vizuri, vizuri. Amekwisha kutoka. Tuendelee na ya tatu."

"Hapana."

"Ni mgeni mmoja tu."

"Ndiyo. Na mdogo wangu ni mmoja."

Akashusha sauti. "Asipomaliza, nitasema nini juu ya hiyo kazi?"

Mdogo wangu alikuwa amerudisha farasi karibu, jasho usoni. "Yaya, nataka kumaliza," akasema. "Nimeshusha, si umeona? Acha nimalize."

Nilimwona anavyotaka, na nilimwona mama amesimama. Nilishuka kwenye kreti. Nilitembea nyuma ya kila robota, moja baada ya jingine, bila haraka, patroni akiangalia saa. Kisha nikasimama mbele ya wageni, nikawaeleza kwa Kiingereza changu cha vitabu kwamba hapa kuna neno moja, na jibu lake moja, na kwamba atakayejibu anabaki alipo. Nikasema, "Haleluya!"

Wamalawi na watu wetu wakajibu. Yule wa kofia ya majani alitabasamu tu.

"Haleluya!" nikamwambia yeye.

Watu wakaanza kucheka. Akaona haya, akaangalia huku na huku.

"Mwitikie, bwana," mpishi mmoja akamwambia, "nyama inaungua."

"Amina," akasema hatimaye, kama mtoto.

"Kwa sauti."

"Amina!"

Ndipo nikarudi kwenye kreti. Mbio ya tatu mdogo wangu alipiga robota la kwanza, akakosa la pili, na mshale wa mwisho ukapita juu kabisa ukapotelea kwenye nyasi zilizo wazi, ambako hapakuwa na mtu kwa sababu nilikuwa nimetoka huko. Akashuka mwenyewe. Mama alimfikia kabla yangu, akamshika bega, lile lile, akalibonyeza kwa kidole gumba kuona kama atalia. Hakulia.

Patroni alikuja baadaye, wageni walipokuwa wanakula. Akamwambia mdogo wangu aanze Jumatatu.

"Naanza kama na yeye anaanza," mdogo wangu akasema, akininyooshea kidole. "Yule wa kelele."

"Kila siku?"

"Kila siku mi niko juu."

Patroni akanigeukia. Nikamwuliza karatasi za kukaa mjini zitatoka ofisi gani. Nikauliza kofia ngumu itabadilishwa lini, na farasi akichoka nani ana haki ya kusema amechoka.

"Mwanangu," mama akasema, "jibu tu ndiyo."

"Na nisipokuwepo," nikamwuliza patroni, "nani atakagua mkanda wa tumbo?"

Alikwenda kwa jike jekundu, akainama, akaingiza vidole vyake chini ya mkanda, akauvuta kwa nguvu, akauangalia mshono wake mwanzo hadi mwisho.

"Mimi," akasema.

Nikasema ndiyo.